Kwa nini kijana hapati usingizi mapema, na asubuhi haamshiki?

Saa 5 usiku taa imezimwa, lakini binti wa kidato cha pili anagaagaa tu kitandani. Saa 11 alfajiri mama anamvuta shuka kwa mara ya tatu, na lawama ni ile ile: uvivu. Mdogo wake wa miaka saba ameshaamka, anaulizia chai. Wanalelewa nyumba moja. Kinachowatofautisha ni balehe.

Ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kifundo cha seli zipatazo 20,000 kinachoongoza saa ya mwili. Giza likiingia, tezi ya pineali huanza kutoa melatonini, homoni inayoutaarifu mwili kwamba ni usiku. Kwa kijana aliyebalehe, homoni hiyo huchelewa kutoka, pengine hata kwa saa mbili. Tena ule uzito wa usingizi unaojilimbikiza tangu mtu aamke humjia polepole kuliko unavyomjia mtoto mdogo. Mwaka 1993 mtafiti wa usingizi Mary Carskadon na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa hali ya kupendelea kuchelewa kulala na kuamka inakwenda sambamba na hatua za balehe. Simu huongeza tatizo, maana mwanga wake huizuia melatonini, ila siyo chanzo chake.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Binti huyu anapata kama tano na nusu, na anazokosa ni zile za alfajiri, ambazo ndizo zenye usingizi mwingi wa ndoto, unaousaidia ubongo kutuliza hisia za mchana. Hapo ndipo ninapoumia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia hasira na pupa, haikomai mpaka miaka ya ishirini na kitu, na usingizi ukipungua, uwezo wake wa kuzituliza hisia hulegea zaidi. Ndiyo maana neno dogo linamliza. Kukosa usingizi kwa muda mrefu huandamana na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, hata na mawazo ya kujiua.

Mwaka 2016 jiji la Seattle, Marekani, lilisogeza masomo ya sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi. Watafiti waliowavisha wanafunzi vifaa vya mkononi vya kupima usingizi walikuta wameongeza dakika 34 za kulala kila usiku. Hawakuutumia muda ule kukesha zaidi. Kwetu, Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 zinataka masomo ya kutwa yaanze saa 2 asubuhi, lakini zipo shule za bweni zinazojisifu kwa prepu ya saa 10 alfajiri. Kwa maoni yangu huko ni kumnyang'anya mtoto afya yake.

Mzazi anaweza kupunguza mwanga jioni, kuiweka simu chumba kingine, na kumtoa kijana juani asubuhi mapema. Lakini akikosa usingizi, akajitenga na kupoteza hamu ya vitu alivyovipenda kwa zaidi ya wiki mbili, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Akitaja kujiua, asisubirishwe hata siku moja.