Je, Wajua Kwa Nini Donge la Ngano Huvutika na la Mtama Hukatika?

Mtoto anayefinyanga nyoka wa unga wakati mama yake anasukuma chapati hugundua jambo hili mapema kuliko watu wazima. Akipewa kipande cha donge la ngano, atakivuta hadi kiwe chembamba kama utambi, na akikiachia kitajirudi kidogo. Akipewa unga wa mtama uliokandwa kwa maji ya kawaida, nyoka wake atakatika shingo kabla hajapata mkia. Katika nyumba za Dodoma, ambako unga wa mtama au wa uwele hukaa jikoni kando ya ule wa ngano, swali linalofuata ni gumu kulikwepa: mbona huu unakatika?

Mpwa wangu wa miaka mitano aliponiuliza hivyo, nilimjibu bila kusita kwamba unga wa mtama haukusagwa vizuri. Jibu hilo lilikuwa na sura ya ukweli. Mashine ya mtaani huacha chenga, na unga wa ngano wa pakiti ni laini kama poda, kwa hiyo ilionekana dhahiri kwamba chembe laini hushikana na chembe kubwa huachana. Nilikuwa nimeliamini jibu hilo kwa miaka mingi, na nimekuja kufahamu kwamba si mimi peke yangu.

Jaribio la kwanza la kuliangusha ni jepesi. Chukua unga wa mtama, uuchekeche kwa kitambaa chepesi hadi upate vumbi tupu, kisha ukande. Utapata donge laini zaidi mkononi, lakini ukilivuta litakatika vilevile. Jaribio la pili ni la upande wa pili: kanda unga wa ngano isiyokobolewa, wenye pumba zinazoonekana kwa macho. Huo huvutika. Ni kweli kwamba huvutika kidogo kuliko unga mweupe, kwa sababu pumba huingilia mshikamano wake, lakini hauachani kama mtama. Ukubwa wa chembe, basi, una mchango mdogo tu.

Nilipoachana na jibu hilo nilikimbilia jingine, kwamba huenda mtama hauna protini. Nalo halikusimama, kwani mtama na unga wa kawaida wa ngano vina protini ya kiasi kinachokaribiana, takriban gramu 10 katika kila gramu 100. Hata wanga, ambao wengi hudhani ndio gundi ya donge, umejaa katika nafaka zote mbili. Hivyo tofauti haimo katika kiasi cha vitu, bali katika namna protini hizo zilivyo na mahali zilipokaa.

Aliyeonyesha jambo hili mapema ni Jacopo Bartolomeo Beccari, mwanasayansi wa Bologna nchini Italia, ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 1745. Alichofanya kinaweza kurudiwa na mtoto mwenye karai. Kanda kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa dakika kumi, liache donge litulie nusu saa ndani ya maji, kisha ulifue polepole kama mtu anayefua soksi. Maji yatageuka meupe kama maziwa, na weupe huo ndio wanga unaotoka. Badilisha maji mara kadhaa hadi yakaribie kuwa safi. Mkononi kitabaki kitu cha rangi ya kijivu iliyochanganyika na njano, chenye ukubwa wa limau dogo, kinachovutika kama bigijii. Hicho ndicho glutini, neno la Kilatini lenye maana ya gundi. Ukirudia zoezi hilo kwa unga wa mtama, utaishia kuwa na karai la maji machafu na mikono mitupu, matokeo ambayo watoto huyafurahia kuliko yale ya kwanza.

Ili kuelewa kinachotokea, fikiria mpira wa matambara ambao watoto hujitengenezea kwa ajili ya kucheza uwanjani. Matambara peke yake ni lundo, na ukilipiga teke litasambaa. Kinachougeuza lundo kuwa mpira ni kamba inayopitishwa huku na huku na kufungwa mafundo hadi iwe wavu. Katika donge la ngano, chembe za wanga ndizo matambara, na protini mbili, glutenini na gliadini, ndizo kamba. Glutenini ni ndefu, na huungana ncha kwa ncha kwa vifungo vya salfa, aina ileile ya vifungo inayoshikilia umbo la nywele na ambayo dawa ya saluni ya kunyoosha nywele huivunja. Gliadini ni fupi, na kazi yake ni kuziwezesha kamba hizo kuteleza bila kukatika. Unapofua donge, unayatoa matambara kupitia matundu ya wavu, na wavu hubaki.

Jambo la ajabu kidogo ni kwamba wavu huo haumo ndani ya unga mkavu. Kamba zimo, lakini zimejikunja na hazijafungana. Maji huzilegeza, na mikono inayokanda huzinyoosha na kuzikutanisha. Kwa sababu hiyo, donge lililokandwa sasa hivi hujirudi likisukumwa, na chapati ya mtoto mwenye haraka hugoma kupanuka. Wavu umekazwa mno, na ukiachwa nusu saa chini ya kitambaa chenye unyevu hulegea.

Mtama nao una kamba, ila zimefungiwa ndani ya vikopo. Protini zake kuu, zinazoitwa kafirini, zimekaa katika vifuko vidogo sana, na kwa tabia yake haziyapendi maji. Unaweza kumimina maji na kukanda hadi mikono iume, lakini kamba iliyomo ndani ya kopo lililofungwa haifungi mpira. Hata hivyo, jambo hili lisichukuliwe kuwa sheria kamili, kwani katika maabara protini ya mahindi iliyo jamaa ya kafirini, ikitengwa na kupashwa joto kidogo kupita la mwili, imeweza kuvutika. Jikoni, ambako hakuna anayetenga protini, mtama huendelea kukatika.

Msomaji atauliza: kama mtama hauna wavu, ugali wake unashikaje? Hapo kazi hufanywa na wanga wenyewe. Ukipata joto la takriban nyuzi 70, na maji ya Dodoma huchemka karibu na nyuzi 96 kutokana na mwinuko wa mji, wanga hufyonza maji, huvimba na kunata. Kunata huko si kuvutika: tonge la ugali wa mtama hufinyangika, lakini ukilivuta hukatika. Mlenda, ambao huvutika kuliko vyote mezani, una utaratibu wake mwingine usiohusiana na protini hizi.

Kwa kazi za mikono, tofauti hii ina faida. Donge la kufinyangia wanasesere, yaani vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi na kama kimoja cha maji, huvutika kidogo kuliko la chapati kwa sababu chumvi hushindania maji na protini, na hivyo hutunza umbo vizuri zaidi. Halifai kuliwa, na mtoto mdogo asiachwe nalo peke yake. Wakati wa kiangazi cha Dodoma ukavu wa hewa hulipasua, kwa kuwa nje hukauka na kusinyaa wakati ndani bado ni mbichi. Ni bora likaushwe kivulini na kugeuzwa mara kwa mara.

Nyoka wa mpwa wangu naye alipatikana. Tulisonga sehemu ndogo ya unga wa mtama kuwa ugali mzito, ukapoa, kisha tukaukanda pamoja na unga mbichi uliobaki. Alikuwa mnene, wa rangi ya udongo, na hakukatika, ingawa mwenyewe alilalamika kwamba hawezi kumnyoosha.