Sanifu si sawa na sahihi

Kusanifu ni kuamua umbo la kitu ili kifae kazi iliyokusudiwa. Kitu chenyewe chaweza kuwa nyumba, kitabu, hata lugha. (Kuna pia kumsanifu mtu, yaani kumfanyia dhihaka, hilo ni jambo jingine.)

Wengi hulichanganya neno hili na sanaa. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini mizizi yake ni mbalimbali. Sanaa ina mzizi wa kutengeneza, kazi ya mkono. Sanifu imetokana na sannafa: kupanga vitu kwa aina zake, kutunga kitabu. Ndiyo maana kunakshi mlango peke yake si kuusanifu. Tazama nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Mombasa. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mkoko zilizobeba dari, usiofika mita 3 kwa kawaida, na vyumba vikawa virefu na vyembamba. Hapo hapana nakshi hata moja, na usanifu umo tele: mtu ametazama alicho nacho na anachohitaji, kisha akakata shauri. Ngome ya Fort Jesus nayo, iliyoanza kujengwa 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, buruji zake, yaani ngome ndogo za pembeni, zimetokezwa nje ili askari wa buruji moja aweze kulinda ukuta wa jirani yake.

Linaloniudhi hasa ni hili la "Kiswahili sanifu" kutumiwa kama jina jingine la Kiswahili sahihi. Juzi tena nimemsikia mtangazaji akimkatiza mama wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, aliyesema "ndia", eti aseme "njia" kwa sababu Kiswahili chake kina makosa. Makosa gani? Mama yule anasema Kimvita, lahaja ya Mombasa aliyotungia Muyaka bin Haji mashairi yake karne ya 19, wakati hakuna aliyewahi kusikia habari ya usanifishaji.

Na usanifishaji wenyewe uliamuliwa papa hapa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa lugha ya vitabu, na 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Haja ilikuwa ya kweli: tahajia moja, ili mtoto wa Mombasa na wa Mwanza wasome kitabu kimoja. Kimvita hakikuchaguliwa, wala hakikuwa kibovu. Lugha ilipewa umbo kwa ajili ya kazi fulani, kama chumba kilivyopewa upana wake.

Kwa hivyo mwanafunzi akiandika "ndia" kwenye mtihani, mwalimu ana haki ya kumwandikia "njia" pembeni. Mama akilisema barazani kwake, na ukaona huna budi useme kitu, sema kwamba hilo ni la Kimvita, si la Kiswahili sanifu. Atakubaliana nawe.