Maswali ya kwenye boksi: afya ya uzazi kwa wanafunzi, na majibu ya nesi

Tukienda kufundisha kwenye shule za Tanga mjini huwa tunaweka boksi nyuma ya darasa. Mwanafunzi anachana karatasi ya daftari, anaandika swali bila jina, anaikunja mpaka inakuwa ndogo kama kete, anatumbukiza. Maswali mengi hapa chini yametoka humo. Mengine ni ya wazazi wa Ngamiani, Makorora na Sahare, ambao huuliza kliniki mlango ukishafungwa.

Afya ya uzazi ni nini? Si ngono tu?

Ni kujua mwili wako unavyokua na unavyofanya kazi, hedhi, ndoto nyevu, mimba, magonjwa ya zinaa, na haki yako ya kusema sitaki. Ngono ni sehemu tu.

Nesi, kumfundisha mtoto mambo haya si kumfungulia macho?

Swali hili huulizwa na wazazi wenye heshima zao, kwa hiyo nitalijibu kwa heshima: macho yalishafunguka, simu anayo. Kilichobaki ni kuchagua nani amweleze, wewe au picha za ovyo za usiku.

Halafu tusijifanye wageni wa jambo hili. Mtoto wa madrasa anasomeshwa hukumu za hedhi na janaba, na hakuna anayemwita ustadhi mhuni. Zamani binti akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, mwanamke wa kumfunda. Siku hizi kungwi anaitwa wiki ya harusi, miaka kumi baadaye. Katikati hapo binti anaambiwa neno moja tu: "Usicheze na wavulana." Anatoka hapo akidhani mimba inashikwa kwa kucheza rede.

UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, lilipotoa mwongozo wa elimu hii mwaka 2018 lilipitia tafiti za nchi nyingi. Elimu hii haiwaongezei vijana ngono. Wengine huwafanya hata wachelewe kuanza.

Nikifanya mara moja tu naweza kushika mimba?

Ndiyo. Mara ya kwanza, ndiyo. Mmesimama, ndiyo. Ukirukaruka baadaye, ukakojoa, ukaoga maji ya bahari, ukanywa soda ya koka au chai ya rangi yenye majani mengi, ndiyo. Akimwaga nje, ndiyo bado. Hata ambaye hajavunja ungo anaweza kushika, kwa sababu yai hutoka kwanza, damu hufuata baadaye.

Siku salama zinahesabiwaje?

Kwa umri wako, usizihesabu. Miaka miwili mitatu ya mwanzo hedhi hurukaruka, na mbegu za kiume zinaweza kuishi mwilini hadi siku 5. Kalenda itakudanganya.

Imeshatokea, bila kondomu. Nisubiri nione kama nitaingia mwezini?

Hapana, usisubiri. Hili ndilo jibu ninalotamani libandikwe kwenye kila ubao wa matangazo wa shule.

Una saa 72. Ndani yake kuna dawa za dharura za kuzuia mimba, zile mnazoziita P2, na kadiri unavyozimeza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Ndani ya saa hizo hizo 72 mtu aliyekuwa hatarini kuambukizwa virusi vya Ukimwi anaanzishiwa dawa kinga, anazimeza siku 28. Saa zikipita, dawa kinga ya virusi hatukupi tena hata ulie. P2 haikingi magonjwa, na haitoi mimba ambayo imeshaingia. Pia si ya kumeza kila Jumamosi kama peremende. Mwenye kuihitaji mara kwa mara aje tuzungumze njia nyingine.

Umefanya Ijumaa usiku? Njoo Jumamosi. Usingoje Jumatatu, usingoje rafiki akusindikize, na usingoje mwezi ujao.

Binti yangu amekosa siku zake. Bibi yake anasema ni kawaida ya wasichana, tungoje.

Mama, msingoje. Bibi hajakosea kwamba hedhi ya msichana huchelewa. Lakini kipimo cha mkojo huchukua dakika chache, na bei yake haizidi vocha mnazonunua kwa wiki. Kama hana mimba, mtalala usingizi. Kama anayo, tumeijua mapema.

Ninachokiona mimi ni hiki. Binti analetwa kwa "malaria sugu" au "tumbo la kurogwa". Amevaa sweta saa saba mchana, jua la Tanga linachoma mpaka lami inanata. Nikimwomba apande kitandani nakuta kanga imezungushwa kiunoni mara tatu na kukazwa kwa pini, michirizi myekundu imebaki kwenye ngozi. Mimba ya miezi sita. Hajapimwa damu, hajapimwa presha, hajameza hata kidonge kimoja cha kuongeza damu. Kliniki ya kwanza ilitakiwa kabla ya wiki 12.

Na huyu ndiye anayehitaji kliniki kuliko mtu mzima. Wasichana wadogo hupata zaidi kifafa cha mimba, na nyonga ambayo haijakomaa inaweza kumkwamisha mtoto njiani. Uchungu ukidumu siku mbili nyumbani, fistula hiyo, mkojo unavuja muda wote. Mjamzito akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu, akivimba uso, akitoka damu, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Mganga hana dawa ya kifafa cha mimba.

Rafiki yangu alikunywa dawa za kutoa mimba, sasa anatoka damu nyingi. Tunaogopa kuja.

Njooni sasa hivi, hata kama ni usiku. Damu nyingi, homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu unaonuka ni dharura. Kazi yetu ni kumtibu. Tuambieni ukweli alikunywa nini na lini, tusipoteze muda kubahatisha. Kinachowaua wasichana hapa ni kujificha.

Mtu mzima amemwingilia mtoto wetu. Wazee wanataka tumalizane kifamilia.

Kikao cha wazee hukaa siku tatu, wanajadili fidia. Saa 72 zimekwisha, mtoto ameshaogeshwa na nguo zimefuliwa. Samahani kwa ukali, lakini hilo nimelichoka.

Mleteni kwanza. Asioge, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, huko mtapata fomu namba 3 (PF3) ya matibabu, ila kama anatoka damu au yuko hoi, hospitali kwanza na fomu itafuata. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Aliye chini ya miaka 18 kisheria hana "alikubali mwenyewe", na anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Wazee waendelee na kikao chao, lakini mtoto awe ameshapata dawa.

Natokwa na uchafu unaonuka na kuwasha. Duka la dawa wamenipa vidonge viwili.

Ute mweupe au usio na rangi, usio na harufu mbaya, ni wa kawaida. Ukinuka, ukawasha, ukabadilika rangi, au mkojo ukichoma, kapime. Vidonge viwili vya kubahatisha huzima dalili tu, ugonjwa wa zinaa kama kisonono au klamidia unapanda kwenye mirija ya uzazi, na miaka kumi baadaye unazunguka kutafuta mtoto. Na acheni kujiosha ndani kwa sabuni, limau au shabu. Uke hujisafisha wenyewe.

Sina hela ya pedi.

Kitambaa safi cha pamba kinatosha. Badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, fua kwa sabuni, anika juani. Juani, jamani, si chini ya godoro.

Na wavulana?

Karatasi zao nyingi zinauliza ukubwa wa uume. Uko sawa, mwanangu, kaa chini. Ndoto nyevu si ugonjwa wala haimalizi nguvu. Kuanzia miaka 15 unaweza kupima virusi vya Ukimwi bila mzazi, sheria iliruhusu mwaka 2019. Kondomu moja, mara moja. Wanaofua na kurudia, nimewasikia.

Akishajifungua, shule ndiyo basi?

Hapana. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi kwenye shule za kawaida. Panga mapema nani atakaa na mtoto, na mje kliniki mchague njia ya uzazi wa mpango kabla hajarudi darasani, ni bure kwenye vituo vya serikali. Mwalimu akisema nafasi hakuna, nendeni kwa afisa elimu kata na cheti cha kuzaliwa cha binti na karatasi zake za shule mkononi.