Kuhamisha anwani kwenda CSV: maana yake hasa

Neno "kuhamisha" linapotosha kidogo. Mtu akihama, nyumba aliyotoka hubaki tupu. Lakini ukihamisha anwani za watu kutoka kwenye programu ya mstari wa amri, yaani inayoendeshwa kwa kuandika amri, daftari la awali halipungukiwi na kitu. Programu husoma kila rekodi na kuiandika upya kama mstari mmoja wa maandishi, vipengele vyake vikitenganishwa kwa alama ya mkato. Maandishi hayo ndiyo CSV.

Kwa abook, programu ya kutunza anwani, amri yake ni hii:

abook --convert --infile ~/.abook/addressbook --outformat csv --outfile anwani.csv

Programu nyingine humwaga matokeo kwenye skrini tu, nawe ukayaelekeza kwenye faili kwa alama ya >. Angalia hapo: kwa kawaida alama hiyo hufuta faili lililopo lenye jina hilo bila kukuuliza.

Kazi ngumu iko kwenye umbo. Mtu mmoja anaweza kuwa na namba tatu za simu na barua pepe mbili. Mfumo kama vCard, muundo wa faili uliotengenezwa kwa ajili ya anwani za watu, unayabeba hayo bila shida, ila CSV ni jedwali, na kila mstari unatakiwa uwe na safu zilezile. Basi namba ya pili itengenezewe safu yake, au zote zibanwe kwenye safu moja, au nyingine ziachwe. Anayeamua ni aliyeandika programu. Katika abook, umbo la csv hutoa vipengele vichache tu. Anayetaka vyote huandika allcsv. Wengi hugundua hili baada ya kufuta daftari la zamani.

Na kama anwani yenyewe ina mkato ndani? Waraka wa RFC 4180 wa mwaka 2005, mmoja wa nyaraka za kiufundi za intaneti, uliokuja CSV ikiwa imeshazoeleka siku nyingi, unasema kipengele hicho kifungwe kwa alama za usemi. Na alama ya usemi iliyomo ndani iandikwe mara mbili.

Lawama moja CSV husingiziwa: sifuri ya mwanzo wa namba ya simu kupotea. Fungua faili kwa kihariri cha maandishi, utaikuta ipo. CSV haisemi kipi ni namba na kipi ni maandishi, kwa hiyo programu ya lahajedwali hukisia, ikaona tarakimu, ikaondoa sifuri. Wakati wa kuingiza faili, iambie safu hiyo ni maandishi.