Ndoo, Rilei na Kazi ya Ofisini: Dhana Potofu za Kupika Pombe na Kuunda Vifaa Nyumbani

Mwajiriwa ambaye kutwa yumo ofisini na jioni yumo kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro akisema kwamba Jumamosi hupika pombe nyumbani na usiku huunganisha nyaya za vihisi joto, watu humjibu kwa namna mbili: ama humhurumia kwa kukosa usingizi, ama humuuliza anauzia wapi. Nimekuwa na burudani hizi mbili kwa miaka kadhaa katika nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam, na mengi yanayosemwa juu yake, yakiwemo niliyoyaamini mwenyewe mwanzoni, hayalingani na yanayotokea jikoni.

"Mtu mwenye kazi hawezi kumudu burudani mbili za namna hii"

Kupika lita 20 za bia ya mtama na ulezi hunichukua saa 5 au 6, tangu maji yanapobandikwa hadi sufuria ya mwisho inapooshwa. Kuanzia hapo hamira ndiyo inayofanya kazi, usiku na mchana, kwa wiki moja au mbili, nami sina la kufanya ila kutazama. Kutia kwenye chupa ni saa 2 nyingine. Kwa hiyo kinywaji kilichokaa nyumbani majuma mawili hakikunidai hata saa 10 za kazi ya mikono.

Kinachowashinda wengi si wingi wa saa bali ni kutotenganisha kazi inayosubiri na kazi isiyosubiri. Uji ukishapoa kufikia kiwango cha kutiwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, hausubiri kikao kiishe, na ndoo iliyopoa bila hamira ni karamu ya vijidudu vingine. Programu, kinyume chake, inaweza kuachwa katikati ya mstari leo ikaendelezwa baada ya miezi miwili bila kuharibika. Kwa sababu hiyo sipiki kamwe jioni ya siku ya kazi, wala sipiki katika wiki ambayo ofisi inaweza kuniita usiku. Jioni hizo nazitumia kwa nyaya na programu, vitu ambavyo ninaweza kuvifunga dakika ile ile simu inapolia. Lakini kazi inayosubiri ina hatari yake, nayo ni kutokuwa na mwisho. Pombe huiva, programu haiivi. Usiku nilioingia kitandani saa nane kwa ajili ya burudani hizi haukuwa wa kupika hata mmoja. Wote ulikuwa wa kurekebisha rangi za mchoro wa joto ambao hakuna anayeutazama isipokuwa mimi.

"Ukifunga vihisi na kompyuta, kazi ya kupika itapungua"

Dhana hii ndiyo iliyonigharimu zaidi. Mfumo wangu wa kwanza ulikuwa mdogo: kihisi joto cha aina ya DS18B20 kilichobandikwa ubavuni mwa ndoo, bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa), na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na bodi hiyo, iliyowasha na kuzima friji kuukuu. Nilidhani ungenipunguzia mawazo. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kabla ya alfajiri. Bodi iliwaka kwa sekunde chache tu, ilhali kifaa cha intaneti kilichelewa, na programu niliyoiandika mwenyewe ilikuwa imeagizwa kuutafuta mtandao kwanza kabla ya kufanya jambo lolote. Ikakaa inautafuta huku rilei imefungulia friji. Mtandao haukupatikana, friji haikuzimwa, na niliporudi kutoka kazini jioni nilikuta pombe iko nyuzijoto 4, hamira imelala chini ya ndoo kama tope.

Kosa halikuwa la umeme. Mashine inayodhibiti joto inapaswa kuamua yenyewe, papo hapo, kwa kutumia kihisi chake, na mtandao ubaki kuwa wa kupeleka taarifa tu. Mtandao ukikatika, mtu akose taarifa, asikose pombe. Hali ambayo mashine huanza nayo inapowaka lazima iwe ile isiyo na madhara, yaani friji imezimwa. Vilevile kompresa ya friji haipendi kuzimwa na kuwashwa mara kwa mara, hivyo programu inatakiwa kuipa mapumziko ya dakika 3 hadi 5 kabla ya kuiwasha tena, hata kama joto limeshapanda. Mambo hayo matatu yanaandikwa kwa mistari michache sana. Kuyagundua kulinichukua miezi.

Hapa iongezwe tahadhari ambayo watu wa kompyuta huipuuza kwa kuwa wamezoea volti 5: rilei hiyo inakata na kuunga volti 230, karibu na ndoo yenye maji, katika chumba ambacho sakafu huwa imelowa. Upande huo wa kazi nilimwachia fundi umeme, na sioni aibu kusema hivyo.

Kifaa hakiniondolei kazi yoyote ya kupika. Kimenipa jambo jingine, nalo ni kujua, nikiwa ofisini, kama kuna haja ya kuwa na wasiwasi. Kwa mwajiriwa hilo ni kubwa, lakini si kupungua kwa kazi.

"Lazima uwe na kompyuta kubwa inayowaka saa zote"

Kompyuta ya zamani inayotumia wati 60, ikiwaka mchana na usiku kwa siku 30, hutumia uniti 43. Kwa Tanzania, ambako daraja la watumiaji wadogo wa umeme lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, kompyuta hiyo peke yake inakula zaidi ya nusu ya kikomo kabla ya taa ya kwanza kuwashwa. Bodi ndogo kama ESP32 haifikishi uniti moja kwa mwezi. Mlaji wa umeme hapo ni friji.

"Fuata kipimo cha mapishi ya Ulaya na utapata bia"

Mapishi mengi yaliyoenea yameandikwa kwa ajili ya shayiri, ambayo wanga wake hulainika katika nyuzijoto 60 hadi 65 hivi. Vimeng'enya vya kimea, vinavyoukata wanga kuwa sukari, navyo hufanya kazi vizuri katika joto hilo hilo, kwa hiyo mpishi wa shayiri huchanganya kila kitu katika sufuria moja na kusubiri saa moja. Mtama si hivyo. Wanga wa mtama huhitaji joto kubwa zaidi, nyuzijoto 70 na kuendelea, na katika joto hilo vimeng'enya huanza kufa. Anayefuata mapishi ya shayiri kwa mtama hupata maji ya vuguvugu yenye unga chini.

Ufumbuzi wake haukuhitaji maabara. Kila aliyelelewa na bibi anayetengeneza togwa ameuona: uji hupikwa kwanza ukaiva kabisa, ukaachwa upoe hadi kidole kiweze kuuvumilia kwa muda mfupi, ndipo kimea cha ulezi kikatiwa na kukorogwa. Baada ya dakika chache mwiko uliokuwa mzito unapita kwa urahisi, na uji uliokuwa hauna ladha unakuwa mtamu bila kijiko cha sukari. Huo wepesi wa mwiko ndio wanga unaokatwa, mbele ya macho. Nilipoingiza kihisi kwenye uji wa namna hiyo kwa mara ya kwanza nilitarajia kuwasahihisha wazee. Kihisi kilisoma nyuzijoto 61. Wanaosema kwamba upishi wa kienyeji ni wa kubahatisha wangeanza na jaribio hilo.

"Joto la chumba ndilo joto la pombe"

Hamira inapokula sukari hutoa joto, na ndoo ya lita 20 iliyo katika siku zake mbili za mwanzo huweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Hamira nyingi za bia hupendelea nyuzijoto 18 hadi 22. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari kina nyuzijoto 30 au zaidi, hivyo ndani ya ndoo hamira inafanya kazi katika homa, na homa hiyo huacha harufu kali na ladha ya kuchoma. Kitambaa kilicholowa na feni husaidia sana Dodoma, ambako hewa ni kavu; pwani, ambako hewa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi na ndoo haipoi.

Mtu asiyekuwa na friji ya ziada hana sababu ya kukata tamaa. Zipo hamira za mashambani za magharibi mwa Norway, zinazoitwa kveik, ambazo huchachusha vizuri katika nyuzijoto 30 hadi 40, na ni kichekesho cha dunia kwamba hamira inayoifaa Dar es Salaam ilihifadhiwa na wakulima wa nchi ya baridi. Nilipoipata, friji ilirudi kuhifadhi mboga na rilei ikaenda kwenye sanduku. Kazi ya miezi ya nyaya iliondolewa na kijipakiti cha hamira, na sikufurahi mara moja kama ilivyopasa.

"Povu likikoma, pombe imeiva"

Povu hukoma kwa sababu nyingi, ikiwemo baridi na kifuniko kinachovujisha hewa. Kinachoonyesha kwamba sukari imekwisha ni haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea: kikisoma kiwango kimoja kwa siku tatu mfululizo, kazi imekwisha. Bia iliyoanza na 1.050 (maji matupu husoma 1.000) ikafikia 1.010 ina kileo cha asilimia 5 na kidogo. Ndipo huongezwa sukari ya gramu 6 hivi kwa kila lita, ikatiwa chupani na kufungwa. Anayefunga mapema hufungia chupani sukari ambayo hakuipima; hamira huigeuza kuwa hewa, na chupa ya kioo haina mahali pa kuipeleka hewa hiyo ila kupasuka. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, ambayo hunywewa ingali inachachuka, haifungwi katika chupa hata kidogo. Na chupa zote zioshwe kwa sabuni kwanza, kisha zitakaswe kwa maji yanayochemka au dawa. Hizo ni kazi mbili tofauti, na ya pili haifanyi kazi juu ya uchafu.

"Pombe ya kupikwa nyumbani hupofusha"

Kinachopofusha ni methanoli. Kuchachusha nafaka huzalisha methanoli kidogo mno, na matunda huzalisha nyingi kidogo kuliko nafaka, lakini bado si kiwango cha kumdhuru mnywaji wa bia au mbege. Vifo vya halaiki vinavyoripotiwa katika nchi mbalimbali hutokana na vinywaji vikali vilivyotiwa methanoli ya viwandani na wafanyabiashara wanaotaka ukali wa bei rahisi. Hilo halifanyi pombe ya nyumbani kuwa dawa: kileo chenyewe, hata kikiwa safi, kimo katika orodha ya visababishi vya saratani ya wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani tangu mwaka 1988. Tunaopika tunapaswa kulijua hilo sawasawa na wanaonunua dukani.

"Burudani za nyumbani hudumaza kazi"

James Prescott Joule, aliyezaliwa mwaka 1818 Salford, Uingereza, alikuwa mtu wa kiwanda cha bia cha familia, na majaribio ya umeme na joto aliyafanya kama mtu binafsi, bila kuajiriwa na chuo chochote. Alidai kupima mabadiliko madogo ya joto ambayo wanasayansi wenzake hawakuamini kwamba yanapimika, na wanahistoria wa sayansi wameeleza jinsi ustadi wa kipimajoto alioupata kwa watengenezaji bia ulivyomsaidia. Leo kipimo cha nishati kinaitwa kwa jina lake. Wengi wetu hatutafika huko, lakini mazoea ya kuandika tarehe, joto na kipimo cha kila ndoo yamenifanya niandike taarifa za hitilafu za ofisini kwa utulivu zaidi. Mpaka mmoja nauheshimu: kompyuta ya mwajiri haiguswi na miradi yangu, hata kama ina kasi kuliko ya nyumbani.

"Mbona huuzi?"

Anayeuza pombe anahitaji leseni, anahitaji kutoa ladha ile ile kila wiki, na anahitaji kuwepo mteja anapobisha hodi. Kwa maneno mengine, amepata kazi ya pili yenye zile saa zisizosubiri, bila mshahara wa kwanza kupumzika. Kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, ni jambo jingine kabisa: kutengeneza gongo bila leseni ni kosa Tanzania kwa sheria ya mwaka 1966 inayoitwa Sheria ya Moshi, moshi ikiwa ni jina la kinywaji hicho wala si mji ulio chini ya Kilimanjaro, na hakuna kifaa cha kielektroniki kinachokihalalisha. Nimelieleza hilo mara nyingi kwa jirani yangu, mzee wa Kibosho ambaye nampelekea jagi moja kila ndoo inapoiva. Husikiliza hadi mwisho, hunirudishia jagi likiwa limeoshwa, kisha huniuliza tena bei.