Ada Ndogo Haimaanishi Shahada Nafuu: Usanifu Majengo na Ubunifu wa Ndani kwa Kijana wa Dodoma

Dhana: Chuo chenye ada ndogo kwa mwaka ndicho nafuu.

Ukweli: Piga hesabu ya miaka yote. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, usanifu majengo husomwa miaka 5, ubunifu wa ndani miaka 4. Tuseme kozi moja inatoza shilingi 1,200,000 kwa mwaka kwa miaka 5, nyingine 1,500,000 kwa miaka 4. Zote ni milioni 6, na wa miaka 5 bado atalipia chakula na kodi ya chumba kwa mwaka mzima zaidi.

Kisha kuna studio, yaani darasa la miradi ya kubuni. Kila mradi unataka karatasi, kadibodi na gundi za modeli, visu vya kukatia na uchapishaji. Anayechapa A1, karatasi kubwa ya michoro, kila anapompelekea mwalimu kazi huishiwa katikati ya muhula. Rasimu chapa A3, ambayo upana na urefu wake ni nusu ya A1; A1 iwe ya siku ya kuwasilisha. Ila angalia: mchoro wa A1 ukipunguzwa hadi A3, skeli ya 1:50 (sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 50 halisi) inakuwa 1:100. Usipoibadilisha, mwalimu akiweka rula, chumba cha mita 4 kitasomeka mita 2.

Dhana: Ubunifu wa ndani ni njia ya mkato ya kuwa msanifu majengo.

Ukweli: Ni kazi mbili. Mbunifu wa ndani hupanga mwanga, hewa, samani, sakafu na dari. Si kuchagua mapazia tu. Kuitwa msanifu majengo kunahitaji shahada inayokubalika, mazoezi chini ya aliyesajiliwa na mitihani ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (hapo “wabunifu majengo” ni wasanifu majengo). Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha kozi imo kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka huo. Kwa kozi ya nje ya nchi, hata ya mtandaoni, waulize TCU kwanza kama wanaitambua, kwa kuwa bei ya chini haitakusaidia cheti kikikataliwa.

Dhana: Ukidahiliwa, mkopo unakuja wenyewe.

Ukweli: Maombi ya Bodi ya Mikopo ni ya peke yake na yana tarehe yake ya mwisho.

Dhana: Nunua kompyuta ya bei kubwa kabla ya kufungua chuo.

Ukweli: Mwanzoni mkono hufanya kazi nyingi: penseli, rula ya skeli, ubao wa kuchorea. Tunashauri msubiri mjue studio inatumia programu gani. Kwa michoro ya pande tatu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta) ya GB 16 inatosha kuanzia. Kampuni ya Autodesk huwapa wanafunzi waliothibitishwa programu zake za kuchorea majengo, AutoCAD na Revit, bila malipo, hivyo hakuna haja ya nakala za wizi zinazokuja na virusi na kula kazi usiku wa kuamkia uwasilishaji.

Dhana: Asiyejua kuchora sura za watu asijaribu.

Ukweli: Kinachotakiwa ni kupima na kuona nafasi. Jipime leo kwa futi kamba. Chumba cha mita 4 kwa 3, kwa skeli ya 1:50, ni sentimita 8 kwa 6. Pima na ulalo wake, kutoka kona hadi kona ya mkabala: ukiwa mita 5 kamili, kona ziko sawa, ukizidi au ukipungua, chumba kimepinda, nawe umeanza kuona asichokiona mpita njia.