Tablatura si nota

Juzi mazoezini kijana anayejifunza gitaa la besi alinionyesha karatasi yenye mistari minne na namba, akaniambia kwa furaha, "Mwalimu, sasa nasoma nota." Nimeshasikia kauli hiyo mara nyingi mno, hata kwa watu wazima wenye bendi zao.

Alichoshika ni tablatura: maandishi yanayoonyesha mahali pa kubana kwenye ala. Kwa besi ya nyuzi nne, mstari wa chini ni uzi mnene wa E, kisha A, D, na G juu kabisa. Namba ni freti, yaani vyumba vya shingo ya gitaa vilivyotengwa kwa vijiti vya chuma; 0 ni uzi usiobanwa. Basi.

Nota hutaja sauti, na mahali pa kuipata unapatafuta mwenyewe. Tablatura hutaja mahali, na sauti inajitokeza yenyewe. Chukua sauti ya A ya chini. Kwenye nota ni alama moja tu. Kwenye besi unaipata freti ya 5 ya uzi wa E, au uzi wa A ukiwa wazi, na mpigaji anajua kwamba hizo si sawa: ile ya freti ya 5 ni nzito zaidi na unaikata kwa kulegeza kidole tu, wakati uzi wazi utaendelea kuvuma mpaka uuzime kwa mkono. Tablatura inakuambia mwandishi alichagua ipi.

Jina lenyewe linatokana na tabula, neno la Kilatini lenye maana ya ubao. Wala si njia ya mkato iliyozaliwa na intaneti. Mwaka 1507 Ottaviano Petrucci alichapa Venice vitabu vya tablatura ya luti, miaka 444 kabla ya kampuni ya magitaa ya Fender kuleta besi yake iitwayo Precision. Luti ni ndugu wa udi tunaoujua kwenye taarabu, na hata jina lake limetoka kwenye al-ud ya Kiarabu. Waitaliano wale waliandika kinyume na sisi: mstari wa juu ulikuwa uzi wa sauti ya chini, kama unavyouona ukiinamia ala uliyoipakata.

Jambo moja ambalo watu hawapaswi kuitwisha tablatura ni kwamba "haina muda", yaani haionyeshi kila sauti idumu kiasi gani. Vitabu vile vya luti vilikuwa na vijiti vya mapigo, alama za muda huo, juu ya mistari. Ni sisi tulioviacha tulipoanza kuchapa namba tupu kwenye kompyuta.

Kwa hiyo nilimwambia kijana kwamba anachosoma kinaitwa tablatura, na anakisoma vizuri. Nikampa penseli, nikamwomba ausikilize wimbo tena akihesabu moja mpaka nne kwa mguu, kisha aandike mwenyewe vijiti juu ya namba.